Msumari wa Uzinduzi

Mzee Mbaruku Shomvi hakuwa na saa ya mkononi, hakuwa na cheti, hakuwa na shemeji wizarani wala mpwa bohari. Hakuwa na meno mawili ya mbele, aliyoyapoteza kwa teke la farasi ambaye siku ile alikuwa amekusudia kumpiga nzi. Hakuwa na kiti ofisini kwa sababu hakuwa na ofisi. Hakuwa na koti la sherehe, hakuwa na mwavuli, hakuwa na sauti ya kusikika zaidi ya hatua kumi. Viatu alikuwa navyo jozi moja, vya harusi na misiba, lakini vilimbana hata akivitazama tu, kwa hiyo tuhesabu kwamba hakuwa navyo. Na zaidi ya yote hakuwa na maoni, upungufu mkubwa katika Jamhuri ya Changarawe, ambako maoni yaligawiwa bure na serikali kila Jumatatu asubuhi.

Alichokuwa nacho ni farasi tisa, nao hawakuwa wake. Walikuwa wa Mtukufu Nahodha wa Nchi Kavu.

Msomaji asishangae cheo hicho. Changarawe haina bahari, haina ziwa, na mto wake mmoja hupita kwa miadi. Lakini kiongozi wake aliona kwamba marais wamekuwa wengi mno duniani, na nahodha asiye na maji ni mmoja tu. Wananchi walikubali siku hiyo hiyo, na wale waliochelewa kukubali walisaidiwa.

Kila mwaka, Siku ya Shukrani, wananchi humshukuru Nahodha kwa kukubali kushukuriwa. Siku hiyo farasi tisa huongoza gwaride. Na kwa miaka thelathini na minne aliyewatunza farasi hao alikuwa Mzee Mbaruku, ambaye aliwatunza kwa namna moja tu: peku. Kila asubuhi aliwatembeza saa mbili kwenye barabara ya kokoto, wakapanda na kushuka. Kila wiki ya sita aliinua miguu yao thelathini na sita, mmoja mmoja, akapunguza kwato kwa kisu na kuzilainisha kingo kwa tupa. Kwato za farasi wake zilikuwa ngumu kama kinu, nyayo zao zimebonyea vizuri, na hakuna aliyekuwa akichechemea.

"Mguu unaofanya kazi hujishonea kiatu chake wenyewe," alikuwa akiwaambia wageni. Wageni walicheka, kwa kuwa walidhani ni methali.

Kati ya wale tisa, mmoja alikuwa moyo wake. Aliitwa Kishindo, farasi jike wa rangi ya udongo mwekundu, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Mzee Mbaruku alimpokea duniani kwa mikono yake, siku ya mvua, akamkausha kwa shuka lake mwenyewe. Mkewe, Bi Sikudhani, alipenda kusema kwamba katika nyumba ile kulikuwa na uke wenza, na mke mkubwa alikuwa anakula majani.

*

Mambo yaliharibika kwa sifa.

Mjumbe wa nchi jirani alikuja kutazama gwaride. Akainama, akatazama chini, akapiga makofi. "Ajabu!" akasema. "Farasi wenu wanakwenda peku juu ya mawe na hawachechemei! Wetu bila chuma hawavuki hata ua."

Aliyesimama karibu yake alikuwa Mheshimiwa Tabaruki Lindima, Waziri wa Sura ya Taifa. Katika maneno yote yale, Mheshimiwa alisikia neno moja tu, nalo lilikuwa "peku". Inasemekana chai ilimwagika.

Kesho yake liliitishwa Kongamano la Kitaifa la Miguu. Lilikaa siku nne. Wajumbe mia mbili walikula kuku na kugawanyika pande mbili. Upande wa Chuma ulisema kwamba farasi asiye na kiatu ni tangazo la umaskini linalotembea. Upande wa Peku ulikuwa na mjumbe mmoja, daktari wa mifugo, ambaye siku ya pili alipata uhamisho kwenda kituo cha mpakani, na siku ya tatu upande wake ukapiga kura ya kuwaunga mkono wenzao kwa kutokuwepo.

Mzee Mbaruku naye alialikwa, kwa sababu ilani ilisema lazima awepo mtaalamu. Alipewa kiti cha pembeni chenye kibao: MTAALAMU (ASIYESEMA). Alikaa hapo siku nne, akashika kofia yake magotini.

Mheshimiwa Lindima alifunga kongamano kwa hotuba. "Ndugu wajumbe," alisema, "historia imetuletea mguu. Je, tuurudishe mtupu? Wazee wetu walikwenda peku kwa sababu ya ukoloni. Farasi wetu wanakwenda peku kwa sababu ya nani? Nasema hapana! Na ninaposema hapana, nasema ndiyo! Ndiyo kwa chuma, ndiyo kwa msumari, ndiyo kwa mlio utakaosikika hadi ng'ambo ya mpaka, ili jirani ajue kwamba hapa kuna miguu!"

Watu walisimama wakapiga makofi dakika kumi na moja. Waliokuwa wamesinzia walipiga kumi na tano, ili wasishukiwe.

Kazi ya kutengeneza viatu thelathini na sita vya chuma ilitangazwa kwa haki na kwa uwazi, na kwa bahati njema ikamwangukia Fundi Ngulumo, mpwa wa Mheshimiwa. Fundi huyu alikuwa bingwa wa nondo za madirisha. Farasi alikuwa hajawahi kumgusa, lakini aliwahi kutengeneza geti lenye picha ya farasi, na geti lile lilisifiwa sana. Viatu alivyoleta vilikuwa na maua ya kusokotwa pembeni, kama dirisha la tajiri. Misumari ilikuwa ile ya kuezekea bati, minene, yenye kofia.

"Mwanangu," Mzee Mbaruku alimwambia taratibu, "msumari wa farasi huwa mwembamba, huingia kwenye ukucha na kutokea ubavuni. Huu wa bati utapasua."

"Babu, bati huwa linapasuka?"

"Bati halina damu."

"Basi," akasema Fundi Ngulumo, na akaona ameshinda.

Siku ya uzinduzi farasi wa mbele alikuwa Kishindo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Mguu wake wa mbele wa kulia ulifungwa utepe mwekundu. Mheshimiwa alikata utepe, akavua koti, akapokea nyundo iliyopakwa rangi ya dhahabu, akapiga msumari wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe huku wapiga picha wakimwomba arudie. Alirudia mara sita.

Kishindo alitetemeka begani. Hakupiga teke. Mzee Mbaruku, aliyekuwa ameushika mguu ule, alihisi ukiruka ndani ya viganja vyake kama kuku.

"Mheshimiwa, samahani," akasema. "Huu msumari haukutokea ubavuni. Umeelekea ndani, kwenye nyama."

"Mzee wangu," akajibu Mheshimiwa, akitazama kamera, "msumari wa serikali haupotei njia."

Shingoni mwa Kishindo kikatundikwa kibao cha bati: MSUMARI HUU UMEPIGWA NA MHE. T. LINDIMA KWA NIABA YA WANANCHI.

*

Mazoezi ya gwaride yalifanyika wiki iliyofuata katika Uwanja wa Shukrani. Uwanja huo umetandazwa marumaru na husuguliwa kwa mashine kila alfajiri, kwa sababu Nahodha hupenda kuinama na kujiona. Farasi tisa wenye chuma walitia mguu. Wa kwanza aliteleza akapita mbele ya jukwaa kuu kabla ya kuitwa. Wa tatu aliketi kitako kama mgeni aliyekaribishwa. Wa tano na wa sita walishikana mabega. Gazeti la serikali liliandika: FARASI WETU WABUNI GWARIDE LA KUKETI.

Kishindo hakuteleza, kwani hakufika. Aligoma getini kwa mguu mmoja juu.

Mzee Mbaruku alipiga magoti akaushika ule ukwato wa kulia. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoteremshwa sasa hivi. Mshipa nyuma ya kifundo ulikuwa unapiga kwa nguvu. Alijua palepale kilichomo: uchafu umeingia na msumari, ndani kunatunga usaha, na usaha hauna pa kutokea. Ungeng'olewa msumari mmoja, usaha ungepata mlango. Msumari usipong'olewa, usaha utapanda juu, utakula hadi kwenye mfupa, na farasi ambaye mfupa wa mguu umeoza hana siku nyingi.

Wakati huo Mheshimiwa alikuwa ameshapata dawa ya kuteleza. Katika safari zake aliwahi kuona farasi wamevikwa mabuti, kitu kama kikombe cha ngozi na mpira kinachofungwa kwenye ukwato na kufunguliwa kazi ikiisha.

"Kwa hiyo chuma tunaking'oa, Mheshimiwa?" aliuliza Mzee Mbaruku, na moyo wake ukanyanyuka.

"Serikali haing'oi, Mzee. Serikali inaongeza. Mabuti yatavaliwa juu ya chuma."

Mabuti yaliombwa Bohari Kuu. Mkuu wa Bohari akajibu kwamba viatu hutolewa kwa watumishi wa Jamhuri peke yao. Basi farasi wote tisa wakaajiriwa. Kila mmoja alifunguliwa faili lenye jina, wilaya, dini (wakaandika "haijathibitishwa") na elimu (wakaandika "ya kutosha"). Kishindo aliajiriwa akiwa amesimama kwa miguu mitatu, naye alikuwa wa kwanza kupasi usaili.

Baada ya ajira, Mkuu wa Bohari alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwamba kila mtumishi ana haki ya jozi moja. Jozi ni mabuti mawili. Farasi ana miguu minne. Hili lilijadiliwa saa tano, ikaamuliwa kwamba miguu ya mbele ndiyo inayotazamwa na wageni. Washona viatu wa jeshi walishona mabuti ya farasi kama walivyozoea kushona ya askari, la kushoto na la kulia, yenye kamba hadi gotini. Walipomaliza jozi ya nane, ngozi ikaisha.

Hapo ndipo Kamati ya Mabuti ilipokaa na kutoa uamuzi ambao mpaka leo unafundishwa katika Chuo cha Utawala cha Changarawe. Mheshimiwa mwenyewe alimwita Mzee Mbaruku akamsomea, kwa heshima.

"Kamati imeona," alisoma, "kwamba farasi wanane wamepata mabuti na mmoja hajapata. Huo ni ubaguzi. Kamati imeona pia kwamba huyo mmoja anachechemea, na ana ngozi. Kwa hiyo Jumatatu saa tatu asubuhi Kishindo atapelekwa Kiwanda cha Ngozi, ili ipatikane ngozi ya kumshonea mabuti yake."

Mzee Mbaruku alidhani Mheshimiwa ameruka mstari.

"Mheshimiwa," akasema, "akishachunwa, hayo mabuti atayavaa nani?"

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, usawa hauangalii mambo madogo madogo."

"Mheshimiwa, huyu hana ugonjwa. Ana msumari. Niruhusu niung'oe, wiki mbili tu utamwona anakimbia."

"Msumari upi?"

"Wa mbele kulia. Ule… wako."

Katibu aliacha kuandika.

"Unataka," akasema Mheshimiwa polepole, "kung'oa Msumari wa Uzinduzi?"

Alhamisi nzima Mzee Mbaruku alizunguka. Idara ya Farasi ilisema msumari ni chuma, aende Idara ya Majengo. Majengo walisema jengo likiwa na kibao cha uzinduzi ni mali ya historia, aende Mambo ya Kale. Mambo ya Kale walimwambia kitu huwa cha kale kikifikisha miaka hamsini, arudi wakati huo. Alipofika bandani jioni Kishindo alikuwa hajagusa majani. Aliegemeza kichwa chake kizito juu ya bega la mzee, akauachilia uzito wote, kama mtu aliyechoka kusimama kwa ajili ya wengine.

"Mke mwenzangu anasemaje?" Bi Sikudhani aliuliza alipomwona akiingia nyumbani. Kisha akamtazama usoni, akauacha utani. "Kaa, nikuletee maji."

*

Ijumaa alikwenda Masjala Kuu, ofisi ya mwisho iliyobaki. Karani wake alikuwa Bi Kashinde, mama mnene wa watu wa Bondeni, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alizijua Kanuni za Utumishi kama wengine wanavyojua majina ya wajukuu. Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa Mlimani. Na watu wa Mlimani na wa Bondeni ni watani tangu babu zao walipoibiana mbuzi na kulipana mabinti.

"Ala!" akasema Bi Kashinde bila kuinua kichwa. "Nimesikia harufu ya mavi ya farasi, nikajua Mlimani wametuma balozi. Umekuja kufa? Siku yako nitatangulia mimi kaburini, nikalale humo, nione kama wamechimba kwa kipimo cha ufupi wako."

"Utaziba shimo zima, tukose pa kuzikia," alijibu Mzee Mbaruku, lakini sauti ilimkatika njiani.

Bi Kashinde aliinua kichwa. Mtani anayetukana bila nguvu ana msiba. Akasogeza kiti. "Kaa hapa, mwizi wa mbuzi. Sema."

Akasema yote. Bi Kashinde alisikiliza huku akikuna sikio kwa kalamu.

"Ameajiriwa?" aliuliza mwishowe.

"Ana faili."

"Faili lina namba?"

"Lina namba."

"Sasa mnalia nini?" Akavuta kitabu kikubwa, akafungua bila kutafuta. "Mtumishi wa Jamhuri hachunwi. Yaani huchunwa, lakini si kwa Kamati. Huyu aombe kustaafu, arudishwe wilaya aliyozaliwa, na msindikizaji mmoja. Maombi yakishaingia masjala hii, mwombaji haguswi mpaka jibu litoke. Hata unywele. Barua nitakuandikia mimi, maana mwandiko wa Mlimani naujua, ni kama kuku amefukuzwa. Yeye aweke sahihi tu."

"Mtani, farasi hajui kuandika."

"Hata Mkuu wa Bohari hajui. Kanuni ya arobaini na moja, sikiliza: *Mtumishi asiyejua kuandika atatia alama ya kidole gumba cha kulia, kikiwa kitupu, bila glavu, pete, bandeji wala kifuniko cha namna yoyote, mbele ya mkuu wa wizara yake.* Sasa wewe mtaalamu usiyesema, hebu leo sema. Farasi ana vidole vingapi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mzee Mbaruku aliulizwa swali na ofisi ya serikali, na jibu alikuwa nalo.

"Kimoja," akasema. "Kila mguu kidole kimoja. Anatembea juu ya ncha ya kidole, na ukwato ndio ukucha wake."

"Basi kikiwa kimoja ndicho gumba. Na cha kulia ni kipi?"

Mzee Mbaruku aliufikiria ule mguu wa mbele, wenye chuma na msumari. Kisha pengo la meno yake mawili likaonekana lote.

"Ndiyo hivyo," akasema Bi Kashinde, akichovya kalamu. "Kikiwa kitupu. Kanuni hiyo imetiwa sahihi na Nahodha mwenyewe. Sasa niondokee na harufu yako, nataka kuandika."

Alasiri ile ile, Bi Kashinde akiwa mbele ya meza yake, Mheshimiwa Lindima aliisoma kanuni mara tatu, akitafuta mlango wa kutokea. Sahihi ya Nahodha ilikuwa pale chini, kubwa kama mnazi ulioanguka.

"Lakini Msumari," akasema. "Nikisimama mbele ya watu Msumari wangu unang'olewa, nitaonekanaje?"

"Nani kasema kung'olewa, Mheshimiwa?" Bi Kashinde alishika kifua. "Unahamishiwa Makumbusho. Utakaa juu ya kitambaa cha zambarau, kwenye sanduku la kioo. Wanafunzi watakuja kwa foleni."

Mheshimiwa aliiweka kanuni mezani. "Taa itawaka juu yake?"

"Mbili."

"Na ile ngozi?"

"Ngozi inastaafu pamoja na mwenyewe. Na akistaafu, farasi wanabaki wanane, mabuti yapo ya wanane. Mheshimiwa, umeokoa ngozi!"

"Andika hivyo," Mheshimiwa akamwambia Katibu wake. "Nimeokoa ngozi."

*

Jumamosi asubuhi bandani palikuwa na zulia, maikrofoni, bendi ya watu wanne na sanduku la kioo. Mheshimiwa alikuwa amevaa suti nyeupe. Alisoma hotuba ya kumuaga mtumishi aliyetumika siku nne kwa uaminifu usio na kifani. Kishindo alisikiliza akiwa ameinua mguu, na wengi waliona kwamba hiyo ni saluti.

Kisha Mzee Mbaruku akachuchumaa, akauchukua mguu ule akauweka kati ya magoti yake. Bendi ilipiga ngoma polepole. Aling'oa misumari mingine kwanza, mmoja baada ya mwingine, maua ya Fundi Ngulumo yakining'inia. Ukabaki ule mmoja. Akaubana kwa koleo.

"Bibi yangu," alinong'ona, "nivumilie kidogo tu."

Akavuta.

Msumari ulitoka pamoja na kiatu, na nyuma yake ukatoka usaha mweusi, kwa kasi ya kitu kilichosubiri siku nyingi, ukaruka ukapita juu ya bega la mzee na kutua kwenye suruali nyeupe.

Mheshimiwa alijitazama. "Hiki ni nini?"

"Usaha, Mheshimiwa."

"Wa nani?"

Mzee Mbaruku alifikiri, kwa kuwa alitaka kujibu kwa usahihi. "Sasa hivi ni mtumishi, Mheshimiwa. Nadhani ni wa Jamhuri."

Kishindo alishusha pumzi ndefu, ya kutoka tumboni, puani mwake mkalia kama mvuke wa sufuria. Mzee aliusafisha ukwato kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaukausha, akaupaka wino. Bi Kashinde akasogeza karatasi juu ya ubao. Mguu ukashuka. Kwanza ncha tu, kwa wasiwasi. Halafu kidogo zaidi. Halafu Kishindo akakanyaga kwa uzito wake wote, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na mbili, na alipoinua, karatasini palikuwa na duara kubwa jeusi, lililo wazi upande wa nyuma, na pembeni mwake tundu dogo jeupe.

"Mwandiko wake umeupita wa Mlimani wote," alisema Bi Kashinde, akapuliza wino ukauke. Macho yake yalikuwa na maji, lakini alisema ni vumbi la majani makavu.

Watu walipokuwa wakilishangilia sanduku la kioo, Mzee Mbaruku alichovya pumba katika maji ya chumvi, akaziba nazo lile tundu, kisha akamwendea Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, naomba buti moja. La kulia."

Mheshimiwa alisahau suruali yake. "Mnasikia? Mnasikia, waandishi? Mzee anaomba buti!"

"La mgonjwa, Mheshimiwa, uchafu usimwingie. Jeraha likifunga nitamvua, arudi kwenye kokoto."

Lakini waandishi walikuwa wameshaandika nusu ya kwanza, na ile ya pili ilikosa nafasi. Mzee hakujali. Alilifunga lile buti la askari, kamba zake hadi gotini, akakubali moyoni kwamba lilishonwa vizuri. Kiatu nacho kina siku yake. Ubaya ni kukivalisha siku zote.

Saa sita kasoro walikuwa Masjala Kuu. Bi Kashinde aliikunja barua mara tatu, akaisoma anwani kwa sauti: kwa Mtukufu Nahodha wa Nchi Kavu, kupitia kwa Katibu, kupitia kwa Katibu wa Katibu, kupitia kwa ngazi zote husika. Akaitia kwenye bahasha ya kaki. Akawasha mshumaa, akayeyusha kipande cha lakiri, matone mekundu yakaanguka mdomoni mwa bahasha.

"Jibu huchukua muda gani, mtani?" aliuliza Mzee Mbaruku. Hofu ilikuwa haijamtoka. "Wakikataa je?"

"Inategemea inakwenda kwa njia gani. Marehemu baba yangu aliomba likizo ya ugonjwa. Ilikubaliwa mwaka jana. Anatakiwa aripoti kazini Jumatano." Akashika mhuri, akaushikilia juu ya lakiri iliyokuwa inaanza kuganda. "Haya, sema upesi, mwizi wa mbuzi. Niandike *haraka* au *kawaida*?"

Mzee Mbaruku alihesabu kwa vidole. Farasi akitunzwa sana hufika thelathini. Akishikwa na bahati, thelathini na miwili.

"Baba yako," akasema, "yake ilikwenda kwa njia gani?"

"Haraka."

"Andika kawaida," akasema Mzee Mbaruku. "Kwa wino mzito, mtani wangu. Kawaida kabisa."

Mhuri ukashuka. Tarishi wa Masjala, mzee mwenzao, aliitia bahasha kwenye mkoba, akaketi akafunga kamba za kiatu cha kwanza, akapumzika, akafunga za kiatu cha pili, akatoka nayo.